Mgeni wa Mtaa wa Fleurus

Mtaa wa Fleurus katika jiji la Paris huanzia kwenye uzio wa chuma wa bustani ya Luxembourg, ukakata mtaa wa Assas na barabara pana ya Raspail, kisha ukaishia karibu na kituo cha treni za chini ya ardhi kiitwacho Notre-Dame-des-Champs. Na mtu asiye na haja maalumu huupita wote kwa dakika chache, na kesho yake hakumbuki kwamba aliupita. Majumba yake ni ya mawe meupe yaliyofifia, marefu, yenye vibaraza vya chuma kilichonakshiwa, na ukimya wake ni ule wa mitaa ya watu waliorithi mali tangu kwa babu zao. Hapana soko, hapana mnara, wala hapana mkahawa wa kutajwa. Pamoja na hayo, watu wengi wameufungia safari mtaa huu kutoka nchi za mbali, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu ya nyumba nambari 27, ambamo mwanamke wa Kimarekani, Gertrude Stein, aliishi tangu mwaka 1903 mpaka 1938, usiku akiandika kwa Kiingereza, na mchana akibarizi na wachoraji ambao aghalabu yao hawakuweza kusoma hata sentensi moja ya maandishi yake.

Hilo la mwisho ndilo lililonivuta, zaidi ya picha zenyewe. Habari za nyumba ile nilizisoma zamani nikiwa Tanga, katika kitabu kilichochakaa jalada, na wakati huo nilistaajabia ukubwa wa majina ya wageni na udogo wa bei za picha. Lakini tangu nilipohamia Ulaya, nikawa naandika Kiswahili katika mji ambao mwenye nyumba wangu, muuza mkate wangu na jirani zangu wote huniamkia kwa ukarimu, wala hapana hata mmoja wao awezaye kujua kama niliyoyaandika jana usiku ni tungo au ni upuuzi, fikira yangu iliziacha picha ikamwendea mwandishi. Nilitaka kupaona mahali ambapo mtu alipendwa, akachorwa, chakula chake kikaliwa, na maandishi yake yasisomwe.

Ukutani, kando ya mlango, pana kibao chenye maneno machache ya Kifaransa yanayosema kwamba mwandishi huyu aliishi hapa na kaka yake Leo, kisha na Alice Toklas, na kwamba wasanii na waandishi wengi walipokewa humu. Mlango wenyewe hufunguliwa kwa tarakimu za siri, nami sikuwa nazo. Lakini bibi mmoja aliyekuwa akitoka na mbwa wake, aliponiona nimesimama nikirefusha shingo, alinitambua mara moja kuwa ni katika wale wageni wa kila juma, akauzuia mlango kwa mgongo huku akimvuta mbwa, akaniambia kwa Kifaransa cha taratibu kwamba nikipenda nitazame, ila nisiingie. Nikaona kipande cha ua, baiskeli mbili zilizofungwa pamoja, mapipa ya taka, na ukuta wa nyumba ya ndani. Enzi hizo katika ua huo palikuwa na nyumba ndogo ya ghorofa mbili, na ubavuni mwake chumba kikubwa chenye dari ya juu, kilichojengwa makusudi kwa kazi ya mchoraji. Leo alikuwa na azma ya kuwa mchoraji, azma haikutimia, na chumba kikawa sebule. Nikamshukuru yule bibi, naye akaufunga mlango.

Stein hakuwa fukara, na jambo hili afadhali lisemwe mapema, kwa kuwa wasifu wa waandishi walioishi ughaibuni aghalabu hupambwa kwa njaa. Alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Allegheny, Pennsylvania, akakulia California, akasoma elimu ya nafsi kwa mwanafalsafa William James, kisha akajifunza utabibu huko Baltimore, akauacha asipate shahada. Baba yao alikuwa na hisa katika tramu za San Francisco, na alipofariki, kaka yao mkubwa, Michael, alizisimamia hesabu za familia kwa hekima hata ndugu wote wakapata mapato ya kadiri, yasiyotosha anasa lakini yanayotosha mtu kuishi Paris, kuajiri mpishi, na kila baada ya muda kununua picha ambayo hapana mwingine aliyeitaka. Njaa ilikuwa ya wachoraji.

Mwaka 1905 Matisse alionyesha picha ya mkewe aliyevaa kofia kubwa, na uso wa mwanamke huyo ameupaka kijani, zambarau na manjano pasipo radhi ya mtu yeyote. Watazamaji walicheka, na wengine, kwa kauli ya Stein, walikuwa wakiikwaruza kwa kucha. Leo na dada yake wakainunua kwa faranga 500, wakaitundika nyumbani. Na kwa kuwa watu waliosikia habari hizo walianza kubisha hodi saa zote ili waione picha na kuicheka, ikabidi pawekwe siku, na siku ikawa Jumamosi usiku. Ndivyo ilivyoanza baraza ambayo baadaye ilisifiwa dunia nzima: kwa haja ya mwandishi kutaka kuachwa siku nyingine afanye kazi yake. Mgeni alipofika mlangoni aliulizwa amekuja kwa hisani ya nani, nalo lilikuwa swali la ada tu, kwani takriban kila mtu aliingia. Ndani, picha zilipangwa toka usawa wa kifua mpaka darini, safu juu ya safu, za Cézanne, Renoir, Matisse na Picasso, na kwa kuwa hapakuwa na umeme bali gesi, za juu hazikuonekana vizuri.

Siyapendi yote niliyoyasoma kuhusu sebule ile. Wanaume walikaa na Stein, na wake zao wakakaa upande wa Alice Toklas, aliyewasili Paris kutoka San Francisco mwaka 1907 na kuhamia nyumbani humo mwaka 1910. Na Alice, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alilijua zuri na baya la kila mke wa kila bingwa, kwa sababu miaka na miaka alikabidhiwa wao. Nyumba ya mwanamke aliyevunja kila kanuni ya nathari ilishika kanuni ya baraza za wanaume kuliko nyumba nyingi za kwetu. Lakini mtu ninayempenda kupita wote humo ni mpishi, Hélène, aliyekuwa na rai zake. Huyu hakupendezwa na Matisse, kwa kuwa Matisse alikuwa na tabia ya kuuliza kutapikwa nini kabla ya kuamua kama atabaki kula, na kwa Mfaransa, alisema Hélène, huo ni utovu wa adabu. Mgeni wa nchi nyingine angesamehewa. Basi kila Matisse alipobaki bila ya taarifa, Hélène hakumpikia kimanda, alimkaangia mayai. Idadi ya mayai ni ile ile, siagi ni ile ile, ila heshima imepungua, na Matisse, kwa kuwa ni Mfaransa, ataelewa. Sijui mhakiki wa sanaa wa zama zile aliyepima kwa usahihi kama huo.

Kutoka kituo cha Notre-Dame-des-Champs nilipanda treni ya kwenda kaskazini, nikapita chini ya mto Seine, nikateremka Abbesses, kituo chenye kina kirefu kuliko vyote mjini, mita 36, ambacho ngazi zake za kuzunguka humfanya mtu wa umri wangu kujuta kuidharau lifti. Njia hii ya reli ilianza mwaka 1910, na kwa hiyo Stein alipokuwa akienda Montmartre wakati wa baridi ya 1905 kuingia 1906 alipanda gari la abiria lililovutwa na farasi, kisha jioni akarudi kwa miguu, akishuka kilima na kuvuka mji mzima. Alikuwa akienda kukalia kiti cha Picasso ili achorwe. Jengo alilokaa Picasso tangu 1904 liliitwa Bateau-Lavoir, banda kubwa la mbao lililoning'inia kwenye mteremko, lenye vyumba vya wasanii na mfereji mmoja tu wa maji kwa wakazi wote. Liliungua mwaka 1970. Leo pana jengo la zege nyuma ya uso uliobakia, na mbele yake kiwanja kidogo chenye miti na mabenchi, ambapo nilimkuta kijana akiwachora watalii kwa mkaa, akiwamaliza kwa muda wa robo saa kila mmoja.

Stein aliketi mara 80 au 90, kwa hesabu yake. Alikalia kiti kikubwa kilichovunjika, na Fernande Olivier, aliyekuwa akiishi na Picasso, akamsomea hekaya za La Fontaine kwa sauti ili asichoke. Picasso hakuwa na desturi ya kumkalisha mtu mbele yake namna ile. Alikuwa na umri wa miaka 24, na mbele yake alikuwa amekaa mwanamke mnene, mtulivu, aliyemzidi miaka saba, ambaye hakuwa na haraka yoyote. Katika majira ya kuchipua, ghafla, alikifuta kichwa chote, akisema kwamba kila akimtazama hamwoni tena. Akaenda zake Hispania, kwenye kijiji cha milimani kiitwacho Gósol, na aliporejea alikichora kichwa kile pasipo mwenyewe kuwepo, kwa kumbukumbu tu: uso mgumu, macho yasiyolingana, sura iliyo karibu na kinyago kuliko na nyama. Watu waliposema kwamba hafanani nayo, Picasso alijibu kuwa hapana neno, atakuja kufanana. Picha ile sasa ipo New York, katika jumba la Metropolitan, kwa wasia wa Stein mwenyewe, na ni haki kusema kwamba ndiyo sura yake tuijuayo. Picha za kamera zinatuonyesha bibi mwingine wa jamaa hiyo hiyo.

Nikiwa kwenye benchi la kiwanja kile niliwaza habari ya vikao vile kama mwandishi aonavyo, si kama mchoraji. Mtu huyu anakaa kimya saa nyingi, akisikiliza hekaya kwa lugha ya watu, akitazamwa na kijana asiyejua anaandika nini usiku. Na usiku anaandika hadithi ya msichana mweusi wa Marekani, ambayo, kwa kauli yake, sentensi zake alizitunga katika matembezi ya kurudi nyumbani kutoka kwenye vikao hivyo. Picasso hakujua Kiingereza. Hakuweza kumfunza neno hata moja. Alilomfunza alimfunza kwa kukifuta kichwa kilichokwisha kuchukua vikao 80, na hilo halihitaji mkalimani.

Katika kurudi nilishuka mapema, nikapita kwa miguu mtaa wa Rennes, ambako zamani palikuwa na duka la mtu aitwaye Heymann aliyeuza vitu vya kale kutoka Afrika. Matisse alisimulia uzeeni kwamba mwaka 1906, akiwa njiani kwenda kwa Stein, aliona dukani humo sanamu ndogo ya mti, ya mtu aliyekaa, akainunua, akaichukua mpaka mtaa wa Fleurus, na hapo Picasso akaiona. Ilikuwa kazi ya Wavili, watu wa pwani ya Kongo upande wa magharibi, ambao Kiswahili si lugha yao na bahari yao si bahari yetu, kwa hiyo sina haki ya kujivunia zaidi ya Mwafrika mwingine yeyote. Hata hivyo nilisimama mtaani pale kwa hasira fulani. Mwaka uliofuata Picasso alikwenda katika jumba la makumbusho la Trocadéro, akaviona vinyago vingi kwa pamoja, na mwaka huo huo akaichora ile picha ya wanawake watano wa Avignon iliyougeuza uchoraji wa Ulaya. Wasomi wameandika maktaba nzima juu ya jambo hili. Aliyechonga sanamu ile hana jina katika maktaba hiyo, na katika sebule ya mtaa wa Fleurus yeye ndiye mgeni pekee ambaye hapana aliyemuuliza amekuja kwa hisani ya nani.

Kazi ya Stein ilianza wageni walipoondoka. Aliandika kwa mkono, katika madaftari ya watoto wa shule ya Kifaransa, mara nyingi mpaka alfajiri, akajaribu kulala kabla ndege hawajaamka. Na asubuhi Alice akayapiga chapa aliyoyakuta mezani, kwani yeye pekee ndiye aliyeweza kuusoma mwandiko ule. Sentensi zilirudia na kurudia, kila marudio na badiliko dogo, kama vile Cézanne alivyoukaribia mlima ule ule kila siku. Kitabu chake cha kwanza, Three Lives, alikichapisha kwa fedha zake mwaka 1909, na kabla hakijatoka kijana mmoja alifika mlangoni, ametumwa na mchapishaji wa New York aliyekuwa na wasiwasi kwamba huenda mwandishi huyu wa Paris hakijui Kiingereza barabara, na kwamba pengine angependa kusaidiwa kukisahihisha. Stein alimwambia kwamba yeye ni Mmarekani, na kwamba kila neno limewekwa makusudi. Kitabu kikubwa, The Making of Americans, kilimalizika mwaka 1911 na kilichapishwa mwaka 1925, kurasa 925, huko Dijon, na wapiga chapa wasiokijua Kiingereza. Na sidhani kama kuna kitabu kilichopata mafundi wa kukifaa zaidi.

Alipata kueleza kwamba miaka yote ile alifurahi kuishi na watu wengi wasiokijua Kiingereza, kwa sababu hali hiyo ilimwacha peke yake na lugha yake. Nilipokuwa kijana nilidhani hayo ni maringo. Sasa nadhani ni maelezo ya kazi, sawa na seremala anavyoeleza kwa nini hupenda karakana isiyo na wapita njia. Aliye kwao huisikia lugha yake sokoni, redioni, msikitini na kwenye foleni ya benki, na kila sentensi aiandikayo imekwisha kusemwa na mtu mwingine asubuhi hiyo hiyo. Aliye mbali huisikia kichwani tu. Hasara zake ni kubwa, na mimi nazijua. Lakini huko ndani neno huonekana umbo lake, uzito wake na kingo zake, kama vile sanamu iliyoondolewa mahali pake ikawekwa mezani.

Nilikaa siku zile kwa mzee wa Kingazija katika kitongoji cha La Courneuve, mtu aliyezaliwa Unguja na kuondoka huko baada ya Mapinduzi, akafanya kazi viwandani Ufaransa mpaka alipostaafu. Namwita ami, ingawa hatuna nasaba, na yeye huniita mwanangu, na Kiswahili chake ni cha mjini Unguja cha zama za ujana wake, kimehifadhiwa kama achari ndani ya chupa: hajui maneno yaliyozuka Dar es Salaam baada ya hapo, na akiyasikia kwangu hukunja uso. Nilipomweleza kwamba Stein alirudi Marekani mara moja tu, mwaka 1934, baada ya miaka 30, akakuta jina lake limeandikwa kwa taa za umeme katika uwanja wa Times Square, ami hakushangazwa na taa. Aliuliza kama watu walimcheka maneno.

Mengine ya nyumba ile nitayapita haraka. Ndugu wawili walifarakana. Leo hakuipenda kubizimu, mtindo mpya wa Picasso, wala uandishi wa dada yake, akaondoka akaenda kukaa Italia, wakagawana picha, Leo akachukua matofaa yaliyochorwa na Cézanne, na Picasso, kumliwaza Gertrude, akamchorea tofaa moja kwa ajili ya Krismasi ya 1914. Vita vya kwanza vilipiganwa, naye akaendesha gari la Ford kupeleka vifaa hospitalini. Kisha wakaja vijana wa Kimarekani, Hemingway akiwamo, na baraza ikabadilika lugha: sasa wageni waliweza kumsoma, na mara wakawa na rai. Naiona miaka hiyo kuwa mashuhuri zaidi na yenye manufaa kidogo kwa kazi yake.

Lakini kisa cha mwaka 1933 sharti nikikawilie. Mwaka mmoja kabla yake, akiwa shambani Bilignin, Stein aliandika kwa majuma sita kitabu chepesi, cha kuchekesha, kinachosomeka na yeyote, akakiandika kana kwamba msimuliaji ni Alice, na humo akawataja wachoraji wote kwa majina, na njaa zao, na wake zao, na mayai ya Hélène. Kitabu kilipendwa mno, kikamletea fedha alizokuwa hajapata kuzichuma kwa kalamu. Alipomsomea Picasso mwanzo wake, akimfasiria kwa Kifaransa, naye akisikiliza kwa furaha, mke wake Olga alisikia jina la Fernande, akasimama akatoka chumbani. Hiyo ilikuwa dalili. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 1934, na Februari 1935 ukachapishwa ushahidi dhidi ya Gertrude Stein, katika jarida la transition ambalo lenyewe lilikuwa limezoea kumchapisha, ukiwa na sahihi za Matisse, mchoraji mwenzake Braque, washairi Tzara na Salmon, na wenye jarida. Matisse alikasirika kwamba mdomo wa mkewe umefananishwa na wa farasi, akasema kwamba katika familia ile mjuzi wa uchoraji alikuwa Sarah, mke wa Michael, aliyekaa mtaa wa Madame. Braque alisema kwamba Stein hakuielewa kamwe kubizimu, akaiona kuwa ni habari za watu binafsi tu, na kwamba hata Kifaransa hakukijua sawasawa.

Braque huenda alisema kweli katika yote mawili. Ila mimi nakitazama kisa hiki kwa upande mwingine: miaka 30 walikaa pamoja kwa masikilizano kwa sababu hapana aliyemsoma mwenzake, yeye alizitazama picha zao kama mwandishi, wao walimtazama yeye kama picha, na kila mmoja akachukua alichokihitaji. Siku alipoandika kitabu wanachoweza kukisoma, walikisoma, wakakuta humo hawakuwa wachoraji bali majirani.

Makaburini Père Lachaise nilikwenda na ami, aliyesema kwamba ameishi Ufaransa miaka yote hiyo na hajapata kuyazuru makaburi yasiyokuwa ya jamaa zake. Jiwe la Stein ni pana, la kawaida, na fundi aliyelichonga amekosea tahajia ya Allegheny, mji aliozaliwa, jambo ambalo mtunzi wa Three Lives angeweza kudaiwa kuwa amelikusudia. Juu yake wageni wameacha vijiwe vingi kwa desturi ya Kiyahudi. Jina la Alice, aliyefariki mwaka 1967, limechongwa nyuma ya jiwe, na mtu asiyezunguka hatalijua. Alice alibaki miaka 21 peke yake, mingi kati ya hiyo katika nyumba yao ya pili, mtaa wa Christine, na picha zilizokuwa ukutani ziliondolewa mwaka 1961 na warithi wa Stein wakati yeye yuko Roma, hata akawa mzee katikati ya kuta zenye alama za mahali palipotundikwa.

Ami alisoma miaka kwenye jiwe, akapiga hesabu.

"Wote wawili Mayahudi?"

"Wote wawili, ami."

"Na Wajerumani waliwaachaje?"

Nikamweleza lililo gumu kuelezwa. Walikaa vijijini, katika wilaya za mashariki, na wanakijiji hawakuwasaliti. Lakini pia walikuwa na rafiki, Bernard Faÿ, yule aliyekitafsiri kitabu cha 1933, ambaye Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimfanya mkuu wa Maktaba ya Taifa, na ambaye alitumia cheo chake kuwalinda wao na picha zao, huku akiwaandama Wamasoni kwa orodha zilizowapeleka watu kifungoni. Stein mwenyewe alianza kutafsiri kwa Kiingereza hotuba za Pétain, kiongozi wa Serikali hiyo, na vita vilipokwisha aliandika barua ya kumtetea Faÿ mahakamani. Wapo wanaomwombea udhuru kwa hofu ya wakati ule. Hofu ilikuwapo, lakini dibaji aliyoiandikia hotuba zile ina bidii kuliko hofu iwezavyo kudai.

"Mimi Unguja sikuwa na rafiki serikalini," akasema ami, akalipa jiwe kisogo.

Si mbali na hapo, katika jengo la kuhifadhia majivu, yamo majivu ya Richard Wright, mwandishi mweusi wa Marekani aliyefariki Paris mwaka 1960. Aliyemsaidia kupata mwaliko wa Serikali ya Ufaransa ni Stein. Wright akafika Mei 1946, wakaonana, na tarehe 27 Julai Stein akafa. Deni la Wright lilikuwa la zamani zaidi. Alisimulia kwamba ujanani huko Chicago, mhakiki mmoja alipoyashutumu maandishi ya Stein kuwa ni ya watu walioshiba wasiojali wanyonge, aliwakusanya wafanyakazi weusi wa machinjio, watu waliosoma kwa shida, katika chumba cha chini ya nyumba, akawasomea kwa sauti hadithi ya Melanctha, ile iliyotungwa katika matembezi ya kutoka Montmartre; nao waliielewa yote, wakapiga mapaja, wakacheka, wakamkatiza ili kuwatolea wahusika maoni. Hadithi hiyo ina maneno juu ya watu weusi ambayo mimi siwezi kuyasoma bila ya kuumwa, na Wright bila shaka aliyaona. Aliwasomea vivyo hivyo.

Ami aliposikia hayo aliketi kwenye benchi akaniamuru nimsomee, naye aone. Nilikuwa na kitabu mfukoni. Nikafungua pale Melanctha anapobishana na daktari anayempenda, kama mtu apende kwa kufikiri au apende tu, nikaanza kutafsiri papo kwa papo, sentensi moja, na ya pili, na ya tatu, na ami akaniinulia mkono.

"Hilo umekwisha kulisema, mwanangu."

"Si mimi, ami. Ndivyo alivyoandika."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Basi alipata kusikia ugomvi wa mke na mume," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, rudi nyuma kidogo, hapo daktari alipoanza kujitetea."